Kifudifudi Kutoka Kinshasa hadi Kisangani

Walimu wenzangu, kila saa ya mapumziko mnanizunguka pale varandani mkitaka habari za safari, na kila siku kengele inalia tukiwa bado hatujafika hata Mbandaka. Nimechoka kuanza upya. Nimeandika yote hapa, pokezaneni karatasi. Anayetaka kucheka acheke, lakini asije mtu kuniambia tena "pole na upofu". Mimi si kipofu. Nina jicho moja, na hilo moja nimelipigania kwa meno na kucha.

Kisangani: pazia

Jicho la kushoto mnajua lilivyoondoka. Miaka miwili iliyopita niliona cheche pembeni, kana kwamba mtu anawasha kiberiti nyuma ya sikio langu. Zikafuata nukta nyeusi zinazoruka kama nzi, na mwishowe pazia jeusi likaanza kupanda kutoka chini. Mtu mmoja aliyejiita mtaalamu aliniambia ni mtoto wa jicho, ningoje akomae. Nikangoja. Jirani akanitilia maji ya majani yaliyochoma kama pilipili, nikavumilia. Pazia lilipofika juu ndipo nikaambiwa ukweli: ule utando wa nyuma ya jicho, unaopokea picha, ulikuwa umebanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu, na muda wa kuurudisha ulikuwa umepita. Niliwakasirikia wote, lakini nilijikasirikia mimi zaidi, kwa sababu nilikuwa nimengoja kwa adabu.

Kwa hiyo cheche zilipoanza kwenye jicho la kuume, nikiwa nasahihisha madaftari ya imla ya mwisho wa mwaka, sikumwuliza mtu. Nilifunga madaftari, nikaenda nyumbani, nikamwambia mdogo wangu Riziki afungashe nguo.

"Yaya, tungoje basi Papa Directeur wa shule arudie, umuombe ruhusa," akanisihi mimi dada yake mkubwa.

"Riziki, jicho haliombi ruhusa."

Kesho yake tulikuwa angani. Nilikaa dirishani nikilipima pazia kwa fremu ya dirisha. Tulipoondoka lilikuwa limefunika ukingo wa chini tu. Tulipotua lilikuwa limemeza ukingo na upana wa vidole viwili juu yake. Mhudumu akaniletea soda na kuniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia silii, nahesabu.

Kinshasa: kutazama chini

Kutoka uwanja wa ndege hadi kwa Tonton Amisi, mdogo wa marehemu mama yetu, tulikaa ndani ya teksi tangu saa saba hadi jioni, tumebanwa katikati ya magari yasiyosogea. Kila shimo lilinipiga moyoni kwa sababu niliogopa mtikisiko utamalizia kubandua. Tulipofika, Tonton alinijia mikono wazi kunisalimu kwa kugonganisha vichwa, kushoto, kulia na paji, kama tunavyofanya watu wa nchi hii tukipendana. Nikaruka nyuma.

"Feza! Nilikukosea nini?"

"Tonton, leo salimia Riziki mara mbili. Kichwa yangu haigongwi."

Hakucheka. Ilimchukua siku tatu kunisamehe.

Daktari aliyenipasua alikuwa binti mfupi, mzaliwa wa Bukavu, msema haraka. Alinieleza kama ninavyowaeleza watoto kujumlisha. Angetoa ule ute ulio ndani ya jicho, angeubandika utando mahali pake na kuuchoma kwa mwanga ushike, kisha angejaza jicho gesi ili iukandamize wakati unapona. Gesi hupanda juu siku zote. Basi mimi ningepaswa kukaa nikitazama chini mchana na usiku, ili nyuma ya jicho ndiyo iwe juu.

"Na kama haishike?" nikamwuliza.

"Tutarudilia. Na mara ingine hata kurudilia haitoshe, Madame. Sikudanganye."

Nilimpenda kwa hilo. Wote walionidanganya kuhusu jicho la kushoto walikuwa wapole sana.

Walinidunga sindano ya ganzi kando ya jicho, nikabaki macho, nasikia kila kitu. Wauguzi wawili walibishana mwanzo hadi mwisho iwapo pondu ya majani ya muhogo bila mawese ni pondu. Nilitaka kuwaambia si pondu, lakini nilikuwa nimekatazwa kuongea. Nilipotoka nilifungwa bangili ya plastiki mkononi, na daktari akaniinamia.

"Hii usitoe mpaka gesi yote iishe. Na usipande ndege hata ndogo. Kule juu gesi inavimba, jicho itakaza, utapofuka mu hewa. Na usilale chali. Hata kidogo."

Siku kumi nilikaa kwa Tonton nikiegemeza paji kwenye mto uliowekwa ukingoni mwa meza, naangalia saruji ya sakafu yake. Siku ya saba simu ilileta ujumbe wa Directeur, Riziki akanisomea: nipumzike bila wasiwasi, darasa langu la mwaka mpya limepata mtu mwingine, na nikirudi ningetafutiwa kiti ofisini, cha kupokea wageni. Alikuwa na nia njema, najua. Lakini mlikwisha kunizika nyinyi! Miaka kumi na tisa nimefundisha watoto kushika kalamu, halafu nikae ofisini nikisema "karibu, keti"?

Nikasema narudi kabla shule haijafunguliwa, na kwa kuwa ndege imekatazwa, narudi kwa njia ya mto. Tonton aliona nimerukwa na akili.

"Ndege ni masaa mbili! Funga tu jicho nguvu, ukifika fungua!"

Daktari angependa nikae hapo hadi gesi iishe, hakunificha. Lakini alikubali kwamba mto haupandi mlima. Akanipa matone, vidonge vya kumeza endapo jicho litauma na kunitapisha, na karatasi ya kumwonyesha muuguzi yeyote njiani.

Maluku hadi Mbandaka: miguu ya watu

Chombo chetu, tulichopandia Maluku nje kidogo ya Kinshasa, kilikuwa bato moja linalosukuma matishari mawili ya chuma, na juu ya matishari hayo kulikuwa na mji mzima: chumvi, saruji, magodoro, mbuzi, majiko, vinyozi, na watu juu ya mizigo. Tuliambiwa tunaondoka Jumatatu asubuhi. Tuliondoka Alhamisi. Riziki alitafuta pahali chini ya turubai, akageuza kiti cha plastiki, akafunga sponji kwenye egemeo, na hapo nikaweka paji la uso langu kama mtu anayepelekwa kuchinjwa.

Kwa jicho lenye gesi nilikuwa naona ukungu unaotikisika. Kitu nilichokiona kwa shida ni kile kilichokuwa chini ya pua yangu, na chini ya pua yangu ilipita miguu. Kwa muda wa wiki moja niliwajua jirani zangu kwa miguu yao. Kulikuwa na kisigino kilichopasuka cha mwuza dawa, kulikuwa na ndala nyekundu zilizofungwa kwa waya, na kulikuwa na miguu mipana ya mwanamke mmoja, kidole kidogo kimepanda juu ya jirani yake. Baadaye nilijua ni miguu ya Mama Bolumbu, mfanyabiashara wa samaki kutoka Isangi.

Kula lilikuwa jambo la aibu hadi nilipoamua halitakuwa la aibu. Mitumbwi ilikuwa ikitoka vijijini na kujifunga ubavuni mwa tishari, Riziki ananunua kwanga la muhogo na liboke ya samaki wa kuchoma ndani ya majani, anaviweka sakafuni, nami nala kama kuku anavyodonoa. Mtoto wa watu akacheka. Nikamwambia aje tushindane, nikamshinda.

Fungu la mchanga: kilio

Siku chache baada ya kupita Mbandaka, bato lilipanda fungu la mchanga likakwama. Nahodha alisema ni kwa saa mbili tu. Tulikaa siku nne.

Asubuhi ya kwanza ya kukwama, ile miguu mipana ilikuja ikatandika mkeka karibu na wangu. Ikaja mingine. Hadi mchana wanawake wanane walikuwa wamelala na kukaa sakafuni wakinizunguka, vitambaa wamevifunga viunoni, na mmoja akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Wengine wakaitikia. Halafu wakalia.

Sasa, nyinyi ni watu wa kwetu, mnajua adabu ya kilio. Ukimkuta mwenzako msibani humwulizi "nani kafa?" Unakaa chini kwanza, unalia naye, majina yatakuja yenyewe. Nikaelewa kwamba mmoja wa wanawake hawa amefiwa, nikadhani ni yule mwenye miguu mipana kwa sababu ndiye aliyekuja kwanza. Riziki alikuwa kwenye foleni ya moto wa kupikia nyuma kabisa, hakuwepo wa kuuliza. Basi nami nikalia. Nililia kwa heshima, jicho langu likiwa na mshono, nikimwomba Mungu anisamehe kwa kuvunja sharti la daktari la kutolilowesha jicho. Siku ya pili wakarudi, nikalia tena. Riziki aliwapita na sufuria akafikiri wamefuata kivuli cha turubai.

Jioni ya siku hiyo ya pili Mama Bolumbu akanisogezea kikombe cha kahawa.

"Mama, courage. Kunywa kidogo. Siku mbili tunakuona hauinue kichwa. Mulimuzika wapi, Kinshasa?"

"Tulimuzika nani?"

"Mutu yako. Bwana, ao mutoto?"

"Mutu yangu? Mama, si wewe ndiyo ulifiwa? Mi nalia tangu jana juu yako!"

Mbuzi pekee ndiye aliyeendelea kuongea.

"Juu yangu?" akasema. "Batu yangu yote iko wazima!"

Nikawaeleza jicho, gesi, kutazama chini. Kicheko kilianza kwa mmoja kikaenda hadi kwa mafundi wa mashine. Walichekana wao kwa wao, kila mmoja akimsema mwenzake aliyelia kwa sauti zaidi. Lakini mwanamke mmoja mzee hakucheka.

"Munacheka nini? Kilio ya bure inaita mutu. Tulilia, donc lazima iko jina. Kama hakuna jina, mutu atakufa mu hii bato."

Kicheko kikakatika. Nilisikia miguu ikirudi nyuma, ikiniacha. Walikuwa wananiogopa, na mtu anayeogopwa kwenye bato lililokwama yuko hatarini. Nikaona nimekaa kimya vya kutosha kwa maisha yangu.

"Jina iko," nikasema. "Mulilia jicho yangu ya kushoto."

"Ilikufa lini?" akauliza Mama Bolumbu.

"Miaka mbili sasa."

"Na hamukulia?"

Swali hilo lilinikata maini. Hatukulia. Nilipewa miwani nyeusi nikaambiwa nishukuru nimebaki na moja. Hata Riziki, ninayelala naye chumba kimoja, hakuwahi kuniona nikitoa chozi kwa ajili ya jicho lile, kwa kuwa niliona haya kukililia kiungo wakati wengine wanazika watoto. Nikajibu, "Hapana, hakuna mutu alilia."

Mama Bolumbu akapiga paja lake.

"Alors, tulie!"

Wakakaa tena. Wakaimba upya, safari hii wakitaja jicho la Madame Feza, jicho lililosomesha watoto, jicho lililoondoka bila kuagwa. Mimi niliyejua kulia kwa adabu nililia bila adabu. Nilimlilia jicho wangu kama ndugu. Walipomaliza nilikuwa mwepesi, na nikawaambia neno moja zaidi.

"Sasa musikie. Ya kuume iko hai. Mutu atalia juu yake, namutupa mu maji."

"Hatutalia," akasema Mama Bolumbu. "Ile tutailinda."

Kuelekea Lisala: vidonge

Maneno hayo yalipata kazi mapema. Siku iliyofuata baada ya kunasuka, mnamo saa sita mchana, jicho likaanza kuuma. Si kuuma kwa kidonda. Lilikuwa gumu kama kokwa, maumivu yakapanda utosini, nikatapika kila nilichokula. Daktari alikuwa amenionya kwamba gesi au dawa zaweza kupandisha nguvu ya maji ndani ya jicho, na yakiachwa yanaua mshipa wa kuona kimyakimya. Nikamwambia Riziki alete vidonge.

Kisigino kilichopasuka kikafika kabla yake.

"Mama, iko na dawa hapa, majani ya kweli. Matone mbili tu, itatuliya."

Nilisikia kizibo kikifunguliwa, na harufu ilikuwa ileile ya maji ya jirani yangu. Nilirusha mkono bila kuona, chupa ikaanguka ikavunjika juu ya chuma. Mtu yule alianza kutukana. Kabla hajamaliza, miguu mipana ilikuwa imesimama kati yake na mimi.

"Papa, enda uzia mbuzi dawa yako," akasema Mama Bolumbu.

Vidonge vile vina vituko. Vidole vyote vilikufa ganzi na kunitekenya, na nilikojoa kila nusu saa. Choo kilikuwa mkiani mwa tishari la pili, hivyo mchana kutwa nilivuka mikeka ya watu nimeinama, Riziki ananishika mkono, watu wananipisha kama mfalme mgonjwa. Ilipofika jioni lile kokwa lilianza kulainika.

Lisala bato lilitua kwa siku moja, tukaenda kituo cha afya. Muuguzi alikuwa kijana mwenye bidii. Akasoma karatasi, akaonyesha kitanda.

"Lala chali, nikuangalie."

"Silali chali."

"Mama, kila mugonjwa analala chali."

"Mimi si kila mugonjwa. Soma mustari ya mwisho."

Akausoma. Akanitazama. Kisha, Mungu ambariki, akavua koti lake, akalala yeye chali sakafuni chini ya uso wangu kama fundi anayeingia chini ya gari, akamulika tochi kwenda juu. Akagusa kope kwa ncha za vidole viwili, taratibu, jicho moja na la pili, akilinganisha ugumu.

"Imeregea," akasema. "Ulimeza ile dawa kwa wakati. Ungengoja mpaka hapa, tungesema maneno ingine."

Akaniongezea vidonge. Nilirudi kwenye bato nikitembea kwa kiburi, ingawa nimeinama.

Bumba hadi Isangi: mstari unashuka

Baada ya Bumba niliruhusiwa, kwa hesabu ya daktari, kuinua kichwa. Niliona kitu cha ajabu: juu kabisa ya macho yangu kulikuwa na ukanda mwembamba wa dunia safi, na chini yake ukungu, na kati yao mstari unaocheza kama maji kwenye ndoo. Gesi ilikuwa inaisha. Kila asubuhi mstari ulishuka kidogo. Kwanza nilipata vilele vya miti. Siku nyingine nikapata vichwa vya watu.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Bolumbu. Nilikuwa nimemjengea uso wa bibi, kumbe ni mdogo kwangu, ana mwanya, ana alama ya kuungua shavuni. Nilimtazama muda mrefu hadi akaona haya.

"Unaniangalia nini?"

"Natumia jicho yangu," nikamwambia.

Alishuka Isangi na magunia yake. Alitaka kunisalimu kwa kichwa, akakumbuka, akanishika miguu yote miwili kwa mikono yake akacheka.

Mbele ya Yangambi gesi ilikuwa imebaki kiputo kidogo chini, mfano wa shanga. Nikatazama nyumba za ukingoni na moyo ukanishuka. Kuta zilikuwa zimepinda. Nguzo za umeme zilikuwa na kiuno. Nilifumba, nikafumbua, zimepinda bado. Daktari alikuwa amesema utando ukirudi mahali pake waweza kubaki na kunyanzi, na mistari iliyonyooka isinyooke tena. Kusikia ni kitu kimoja. Kuona ni kingine.

Kisangani: ubao

Mlikuja kunipokea bandarini, asanteni. Lakini mlinishika viwiko wawili wawili kama mnabeba kabati. "Taratibu, Madame, kuna ngazi." Ngazi niliiona. Nilimwona pia Directeur akimnong'oneza Mwalimu Dieudonné, na nilijua wananong'ona kuhusu kiti cha ofisini.

Jumatatu nilikwenda moja kwa moja darasani. Kiputo kilikuwa kimekwisha, bangili nimeikata. Directeur alinifuata, akasimama mlangoni na yule mwalimu mpya aliyepewa darasa langu.

"Bon, Madame Feza. Hatukatae. Lakini kwanza andika kidogo ku ubao, tuone."

Watoto wa darasa la kwanza, hamsini na kitu, wakaelekeza macho ubaoni. Nikashika chaki nikachora mstari wa kuandikia kwa mkono mtupu, kama nilivyochora miaka yote. Nilipomaliza jicho langu liliuona umenyooka kabisa.

"Watoto, mustari iko sawa?"

"Hapanaaa, Madame! Imepinda!"

Wakacheka. Mlangoni hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikaufuta mstari. Nikaenda kwenye kona, nikachukua ubao mrefu wa kupimia, nikaulaza, nikachora upya nikiufuata kwa kidole. Jicho likaniambia mstari umepinda kama mto. Sikulisikiliza.

"Na huu?"

"Iko sawaaa, Madame!"

Juu ya mstari huo niliandika herufi a, kubwa, ya mviringo, nikageuka kulitazama darasa. Directeur alikuwa anafungua mdomo. Nikamwinulia mkono angoje.

"Wewe," nikasema, "safu ya mwisho, ukutani, mwenye kola iliyochanika. Toa kidole mu pua, ushike kalamu."

Mtoto akashtuka akatoa kidole. Madawati yote yakageuka kumwangalia. Niliporudisha macho mlangoni, hapakuwa na mtu.